Kola za Arobaini

Papa,

Leo sikuandikii kwa upole. Upole niliumaliza siku ya mazishi, nilipolia mpaka wanawake wa jirani wakanishika mabega, nikatangaza mbele ya watu wote kwamba Mangobo nzima, mtaa wetu, haijapata mwanamume mwenye akili kama wewe. Leo nayarudisha maneno yale mdomoni na kuyatema. Ulikuwa mpumbavu, Papa. Ulikuwa fundi hodari na mpumbavu, vyote viwili kwa pamoja, na mimi niliyekaa karibu nawe miaka ishirini na moja niliona kimoja tu.

Nikupe habari kwanza, maana najua ungeuliza. Cherehani yako nimeihamishia upande wa pili wa baraza, kwa sababu asubuhi mwanga ni mzuri kule, na wewe ulikataa kuihamisha kwa ubishi tu. Wateja wako wa zamani wanakuja, wanatazama kushoto na kulia, wananiuliza mwenyewe yuko wapi. Nawajibu mwenyewe ndiye anayesema nao. Wengine wanaondoka, wanazunguka mtaa mzima, kisha wanarudi na suruali ile ile mkononi. Nawashonea, lakini siwachekei.

Sasa nije kwa ndugu yako, Tonton Saleh. Ulipofariki alilia kuliko wote, ungemwona ungesema ni yeye mjane. Siku ya ishirini akaja hapa na balo la kitenge, kijani chenye ndege wa manjano, akasema kwa ajili ya arobaini yako wanaume kumi na wanne wa familia wavae sare. Si kanzu, maana kanzu kila mtu anayo. Alitaka mashati, tena yenye kola ngumu ya kusimama, kola ya mukubwa. Alijipapasa shingo akinionyesha inavyotakiwa isimame. Huyu ndiye mtu aliyekuambia miaka miwili mizima kwamba shida yako ni hernie tu, ngiri, ugonjwa ya wazee, akakuletea kutoka sokoni chupa za mizizi zinazonuka ndizi iliyooza. Nawe ulikunywa, vijiko viwili asubuhi, macho umefumba. Mimi nilikuoshea kijiko.

Bon. Nikashusha patroni zetu ukutani. Unakumbuka jinsi ulivyojivunia patroni zako. Kila fundi wa Kisangani anakata patroni kwa karton, kile kipande unachokilaza juu ya kitambaa na kukizungushia chaki, na kila msimu wa mvua karton inalegea kingo na kola zinatoka zimepinda. Wewe ndiye uliyegundua filimu za hospitali, zile nyeusi wanazopigia picha za mifupa. Haziozi wala hazikunjamani. Mtu aliyevunjika mguu akipona, anakuletea filimu yake, unampunguzia bei ya shati. Kola ya mtaa wetu mzima imepita juu ya mguu wa mtu. Majina yaliyoandikwa pembeni hatukuyasoma kamwe. Ya nini? Yalikuwa majina ya watu waliopona.

Nilichukua kola kubwa, nikainyanyua dirishani kuona kama ukingo umemeguka. Nikaona herufi nyeupe, ndogo, kwenye kona: ASSUM. Mkasi ulikuwa umepita katikati ya jina. Nikatafuta kola ya mtoto, nikaona ANI, nusu ya pili ya jina lako, na chini yake mwaka wako wa kuzaliwa.

Nilikaa chini, Papa. Kwenye benchi lako.

Nikakumbuka yote, miaka miwili nyuma. Ulisema unakwenda Kampala kununua vitambaa, safari yako ya kwanza peke yako tangu Mama afariki. Ukarudi na marobota mawili ya bitana. Mawili! Mtu amevuka nusu ya nchi na mpaka juu yake, anarudi na bitana. Nilipokuuliza ukasema bei zimepanda. Kesho yake ukanipa filimu tatu kubwa, nzuri kuliko zote tulizowahi kuwa nazo, zimejaa picha ndogondogo za duara zilizopangwa safu kwa safu. Ukaniambia, "Kata tu, Zaina. Hizi iko nguvu kupita karton."

Filimu moja ilikuwa na tundu katikati, la mraba, ukubwa wa biskuti. Nilikugombeza. Nilikuambia umeharibu mahali pazuri pa kola ya nyuma, mtu wa umri wako hajui kukata kwa uchumi? Ukasema ndiyo, umeharibu. Nikakata kola tisa kwa mkasi wako mzuri, huku wewe umekaa na chai yako, unanitazama. Hata ule mustari wako hukuniuliza. Miaka yote ile sikuruhusiwa kushika mkasi kabla hujaniuliza, "Mustari iko wapi?" nami nikuonyeshe chaki kwa kidole. Siku ile nilikata kwa macho tu, ukaniacha. Ndiyo, na mimi najidharau. Nilikukatakata nikiwa nakusuta kwamba umeniharibia kola.

Nikavitandaza vipande vyote juu ya meza. Nikavipanga kingo kwa kingo, nikavitobolea matundu kwa sindano nene na kuvishikiza kwa uzi mweupe, bandi ndefu ndefu kama tunavyoshikiza koti kabla ya kulishona. Nikavikunja ndani ya kanga, nikapanda toleka, baiskeli ya abiria, hadi Makiso, katikati ya mji, kwenye kliniki ambako kuna daktari mmoja anayesoma picha. Ni mwanamke, Papa, kijana kuliko mimi, mfupi, ana miwani mikubwa. Wewe ungegeuka mlangoni. Angekuambia vua koti tu, ungesema umesahau kitu nyumbani.

Hakucheka alipoona uzi. Aliniuliza kwanza ni nani aliyeshona, nikasema mimi, akasema nimepanga sawasawa. Kisha akavibandika kwenye kioo chenye taa, akavipitia safu kwa safu.

Alinieleza taratibu, nami nikamwelewa kuliko nilivyomwelewa mwalimu yeyote. Ile mashini iliyokupiga picha wanaiita IRM. Inampiga mtu picha bila kumkata, lakini inamchukua vipande vyembamba vyembamba, kama mkate uliokatwa, na kila duara lile dogo ni kipande kimoja cha kiuno chako. Katikati kuna tezi dume. Daktari wa kule anapita kipande kwa kipande, anaangalia palipoingia giza, anauzungushia uvimbe mustari. Haendi kwa kukisia. Mustari ukipita nje sana, tiba inaunguza pazima. Ukipita ndani, ugonjwa unabaki. Akishazungushia vyote anajua uvimbe una umbo gani, umeanzia wapi, umefika wapi, na sindano au miale ipelekwe wapi. Nikamwambia hata sisi ndivyo tunavyofanya, na tunaacha nafasi ya mshono. Akasema na wao wanaacha kidogo pembeni. Nilitamani ungekuwapo usikie. Maisha yako yote uliwadharau mafundi wanaokata bila kuchora, na kule Kampala mtu mmoja alikaa akakuchorea kipande kwa kipande, kazi safi, kazi ambayo ungeisifu kama ingekuwa ya koti.

Kisha akaonyesha kwa kalamu maduara ambamo mustari ulikuwa unaanza kuonekana, safu yake ikaishia kwenye tundu. Akauliza kile kipande kiko wapi. Nikasema sijui. Akasema kinachobaki kinatosha kumwambia jambo moja: siku ile ilipopigwa picha, uvimbe ulikuwa bado ndani ya ganda la tezi. Haujatoka.

Nikamwomba arudie.

Akarudia. Bado ulikuwa ndani. Palikuwa na la kufanya, tena huko huko Kampala. Miaka miwili, Papa! Uliketi juu ya neno hilo miaka miwili, ukinywa mizizi ya Tonton Saleh, mpaka ukaanza kushika kiuno, mpaka mguu ukakataa pedali ya cherehani, na mimi nikakununulia mafuta ya kuchua mgongo.

Sikiliza nikuambie ninavyokuona. Umepiga magoti mbele ya wanaume wa mji huu miaka arobaini. Umewapima ndani ya paja na futi yako, wakubwa wa ofisi, wanafunzi, mashehe, wote, ukiwauliza bila aibu wanalaza upande gani, kulia au kushoto, ili suruali ikae vizuri. Halafu cha kwako mwenyewe kikashindikana kutajwa. Kwangu sawa, mimi ni binti, adabu ina mipaka. Lakini kwa mwanao wa kiume? Kwa daktari aliyekwisha kukuona ndani mpaka kwenye mfupa? Ulilipa nauli, ukalala ndani ya mashini, ukapewa jibu mkononi, ukaona jibu lenyewe ni aibu kuliko kifo. Ukatafuta njia ya kulipoteza. Hukulichoma wala hukulitupa mtoni, maana wewe kitu kizuri hutupi. Uliligeuza kuwa kola! Ubahili wako ndio ulioniambia ukweli. Mdomo wako haukuweza.

Nilikuwa nimeshafika mlangoni daktari aliponiuliza kama marehemu ameacha watoto wa kiume. Nikasema mmoja, Idi, kaka yangu mkubwa. Umri? Hamsini na mbili. Akasema baba akiwa na ugonjwa huu, mtoto wa kiume asingoje kuumwa, aanze na kipimo cha damu sasa. Na kwamba kule Kampala lazima walikuambia hivyo. Ni jambo wanalosema kwa kila mtu.

Nikarudi nyumbani nikapekua. Nilifungua sanduku lako la nguo, nikakung'uta Kurani yako kwa heshima, nikainua godoro. Mwisho nikavuta ile droo ndogo ya cherehani, nikatoa bobini zote. Chini kabisa, ndani ya kitambaa cha mafuta, kilikuwepo kile kipande cha mraba.

Duara moja tu, kubwa kuliko mengine. Giza upande wa nyuma, na mustari mweupe umelizunguka, umefungwa vizuri mwanzo na mwisho. Na juu yake pini, na kwenye pini kikaratasi.

Unajua kikaratasi gani. Katika duka hili hakuna kilichokatwa kikabaki bila jina. Ukimaliza kukata, unachoma pini, unaandika jina la atakayevaa. Uliniambia siku ya kwanza kabisa: usiandike aliyelipa, andika atakayevaa. Nilidhani nitakuta jina lako. Kwa mwandiko wako ule wa kulalia kushoto ulikuwa umeandika, Idi.

Nilikichukia kile kikaratasi. Kwa hiyo ulisikia. Ulisikia kila kitu alichokuambia daktari wa kule, ukaelewa ni ya nani, ukakata, ukaandika jina, ukaweka tayari. Kilichobaki kilikuwa kukabidhi. Mtu kila Ijumaa anavuka mto kutoka Lubunga kuja kula wali nyumbani kwako, anakaa hatua mbili kutoka kwenye droo, wewe unamwuliza habari za injini za pirogi, hiyo mitumbwi ya mtoni!

Kesho yake nikavuka mwenyewe. Nilimkuta Idi nyuma ya nyumba yake, kule chooni, nikangoja. Shemeji akanipa chai. Chai ikapoa, Idi hajatoka. Alipotoka alikuwa anafuta jasho la uso, akanichekea kama mtu aliyetoka kulima. Nikamweka chini, nikamweleza yote, nikampa kipande. Akakigeuza geuza na vidole vyake vya grisi, akasoma kikaratasi. Akauliza, "Njo yeye aliandika?" Nikasema ndiye. Akakitia mfuko wa shati, akafunga kifungo, na mimi nikadhani yamekwisha.

Akaniambia nisimwambie mtu. Watu watacheka. Wataanza kuhesabu wake zake wanalala vipi. Na Tonton Saleh ameshampa chupa, anakunywa, anaona nafuu.

Nilimtazama nikakuona wewe. Mlikatwa kwa patroni moja. Nikamwambia yeye ni mjinga mara mbili, maana wewe hukuwa na kipande cha mtu kukuonya. Nikavuka mto kurudi, sikuaga.

Sasa arobaini yako. Nilishona mashati yote kumi na manne. Ndiyo, kwa patroni zile zile. Niliufumua uzi, nikazilaza juu ya kitenge cha ndege, nikazizungushia chaki moja moja. Wakati nachora sikujua nitafanya nini. Nilipofika shati la saba nilijua.

Walikuja wote. Khitma ikasomwa vizuri, sauti ya shehe ikafika hadi barabarani. Wanaume wamekaa kwenye mikeka uani, kijani kitupu, kola zimesimama, shingo zimenyooka. Tonton Saleh katikati, anapokea pole kama waziri. Wakaanza kukusifu. Mmoja akasema ulikufa kwa uzee. Tonton akasema hapana, ni hernie, alipambana nayo kama simba, na kidogo tu ingepona. Idi alikuwa pembeni, kichwa chini. Mimi nilikuwa nimeingia na sinia la pilau.

Nikaliweka sinia chini. Nikasimama pale pale, mbele ya wanaume, kwenye mkeka wao. Sikupaza sauti. Nikasema: "Papa alikufa kwa kansa ya tezi dume. Alipigwa picha Kampala, akaambiwa mapema, akaona haya. Kola mlizovaa nimezikata kwa filimu ya picha ile."

Ungewaona! Mikono kumi na minne shingoni. Kuna aliyefungua kifungo, kuna aliyejifanya anajikuna. Tonton Saleh alifungua viwili, akabaki ameishika kola kwa vidole viwili, mbali na ngozi, kana kwamba ugonjwa unapita kwa kitenge. Akasema nimekuvua nguo mbele ya watu. Nikamjibu nguo zako nazijua, nimezishona, na kwamba aliyekuvua ni yule aliyekunywesha mizizi. Shehe akatazama pilau. Hakuna aliyecheka, Papa. Miaka miwili ulikuwa unaogopa kicheko, na siku kilipopata nafasi yake hakikutokea. Walikuwa wananitazama kwa woga, kila mmoja akijihesabia miaka yake.

Shehe ndiye aliyeanza. Akaniuliza kwa sauti ya chini hicho kipimo cha damu kinachukuliwa wapi. Nikamtajia kliniki. Nikamwambia daktari ni mwanamke. Akasema, haizuru.

Nilikwenda nyuma kuosha sufuria. Nililia pale, nisikudanganye. Nililia kwa hasira, na kwa sababu nilikutaja kwa aibu yako siku ya dua yako, na kwa sababu ningefanya tena. Idi akaja. Alisimama karibu na pipa la maji, shati lake la ndege limefungwa mpaka juu, hakulegeza hata kifungo. Akatoa kile kipande mfukoni, akaondoa ile pini, akaichoma kwenye kola yake mwenyewe, kikaratasi kikining'inia. Akauliza tunaenda siku gani.

Damu ya Idi imepimwa, jibu limerudi. Kiwango kiko juu. Daktari hasemi zaidi ya hapo, anataka picha. Ijumaa tunaondoka kwenda Kampala, mimi na Idi, na safari hii hakuna anayesema tunakwenda kununua vitambaa. Mtaa mzima unajua. Shemeji anapika kwanga, mikate ya muhogo ya njiani. Tonton Saleh ameleta chupa nyingine, nimeimwaga kwenye mtaro huku anaona. Idi anaogopa, hali vizuri, ananipigia simu kuniuliza ile mashini inapiga kelele gani. Sijui nimjibu nini. Wewe ndiye uliyelala ndani yake, na hukutuachia hata habari ya kelele zake.

Basi nikuage. Bado nakudharau, usidhani arobaini imeyamaliza. Lakini kikaratasi chako Idi amenipa nikitunze, nimekitia ndani ya kitabu changu cha vipimo, na kila ninapokifungua naona uliandika ukikandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka kwenye herufi ya kwanza. Mtu asiyejali haandiki hivyo. Lala, Papa. Mungu akusamehe mimi nikiwa bado sijaweza.

Nakuahidi hivi. Patroni zote za filimu nimezishusha, nimerudi kwenye karton, ilegee inavyotaka. Filimu za Idi nitazibeba mwenyewe kutoka mikononi mwa daktari, wazi, bila bahasha, hadi Kisangani. Na kama wamemchorea kitu, mimi ndiye nitakayekuwa nimesimama pale, nikiweka kidole changu juu ya mustari, kabla mtu yeyote hajashika mkasi.

Ni mimi, mwanao na fundi wako,

Zaina